Projekta moja, simu moja, wanafunzi arobaini

Shule ikipata fedha za teknolojia, swali la kwanza huwa "tununue vifaa vingapi?" Ndilo swali linalojaza makabati vishikwambi vinavyolala humo mwaka mzima. Liulizwe kwanza jingine: ndani ya kipindi cha dakika 40, mwanafunzi wa dawati la nyuma atafikiri juu ya nini, na mwalimu atajuaje kwamba amefikiri? Ukianzia hapo utaona kwamba kompyuta mpakato moja, projekta moja na simu janja ya mwalimu vinafanya kazi kubwa sana, mradi kila kimoja kimekaa mahali pake.

Projekta hununuliwa mapema, na ndiyo hutumiwa vibaya zaidi. Kosa la kwanza ni picha ndogo. Pima umbali kutoka ukuta wa picha hadi kwa mwanafunzi wa mwisho, ugawe kwa sita. Jibu ndilo kimo cha chini kabisa cha picha. Darasa la mita 8 linataka picha yenye kimo cha mita 1.33 hivi, na kwa umbo la 16 kwa 9 upana wake utakuwa kama mita 2.4. Kwenye kijitabu cha projekta kuna uwiano wa umbali na upana wa picha. Ukiwa 1.5, projekta ikae mita 3.6 kutoka ukutani. Fanya hesabu hii kabla ya kutoboa dari. Kwa picha ya kimo hicho, maandishi ya pointi 28 husomeka nyuma bila kukaza macho. Ya pointi 18 huchosha, na mtoto mwenye macho dhaifu hayapati kabisa, hata kama kwenye kompyuta yako yanaonekana makubwa. Onyesha slaidi, nenda ukae dawati la mwisho, uisome kwa sauti. Ukikwama, punguza maneno, usipunguze herufi.

Kosa la pili ni mwanga, na hapa wengi hulaumu projekta bure. Projekta haitoi weusi. Sehemu nyeusi ya picha ni ukuta wenyewe ulioachwa bila kumulikwa, kwa hiyo haiwezi kuwa nyeusi kuliko ukuta ulivyo. Chukua projekta ya lumeni 3000 (lumeni hupima mwanga wote inaoutoa) kwenye picha tuliyoitaja, yenye eneo la mita za mraba 3.2 hivi: ukuta unapata kama lukisi 950, yaani lumeni 950 kwa kila mita ya mraba. Ikiwa dirisha linaangusha lukisi 500 pale pale, weupe unakuwa 1450 na "weusi" 500, tofauti isiyofika hata mara tatu. Ramani na picha za seli zinageuka ukungu. Kinga dirisha hadi mwanga huo ushuke kuwa 50, tofauti inapanda mpaka mara 20. Projekta ni ile ile. Huhitaji kulitia darasa zima giza, maana wanafunzi wanataka kuona daftari zao. Weka pazia zito kwenye madirisha mawili yaliyo karibu na ubao tu, na ya nyuma uyaache wazi. Ukuta upakwe rangi nyeupe isiyong'aa. Ubao mweupe wa kalamu hurudisha mwanga wa projekta kama kioo, na walioketi upande mmoja huona doa kali katikati ya maneno.

Picha ikitoka kama trapeza, usikimbilie kitufe cha kuinyoosha. Kitufe hicho hubana picha ndani ya projekta, nukta zinapotea na herufi ndogo zinafifia. Inua meza au shusha mguu wa mbele mpaka lenzi itazame ukuta moja kwa moja. Kitufe kimalizie kasoro ndogo iliyobaki. Na projekta inayojizima katikati ya somo kwa kawaida haijaungua taa. Kichujio chake kimeziba vumbi, joto limepanda, nayo imejilinda. Kisafishe kila baada ya wiki chache, zaidi ukutumia chaki. Zile za taa, ukizizima, acha feni imalize kuzunguka ndipo uchomoe waya.

Kuhusu kinachoonyeshwa: usiandike kwenye slaidi aya utakayoisoma kwa mdomo. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ameonyesha katika majaribio mengi kwamba mtu anayetazama mchoro huku akisikia maelezo hujifunza vizuri kuliko yule anayeongezewa na maneno yale yale kwenye skrini. Macho hayawezi kusoma na kutazama mchoro kwa wakati mmoja, na sikio nalo linapata maneno kwa kasi tofauti na jicho. Mchoro uwe kwenye skrini, maelezo yawe mdomoni mwako. Maneno yanayofaa kuonyeshwa ni machache: istilahi mpya, fomula, na swali.

Swali ndilo moyo wa jambo lote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Eric Mazur, mwalimu wa fizikia Chuo Kikuu cha Harvard, alianza kukatiza mihadhara yake kwa maswali ya kuchagua. Kila mwanafunzi anajibu kimya, kisha anajadiliana na jirani, kisha wote wanajibu tena. Wakipata wengi tangu mwanzo, zaidi ya asilimia 70, eleza kwa ufupi na usonge mbele. Wakipata chini ya asilimia 30, mjadala hautasaidia kwa sababu hakuna wa kutosha wa kuwasaidia wenzao. Rudi ufundishe upya kwa njia nyingine. Kati ya hapo, wape dakika mbili au tatu za kubishana. Usionyeshe matokeo ya raundi ya kwanza kabla hawajajadiliana. Wakiona kwamba wengi wamechagua B, mjadala umekufa; wote watahamia B.

Ubora wa swali hutokana na majibu yake yasiyo sahihi. Tazama hili: "Namba ipi ni kubwa kuliko zote? A: 0.4. B: 0.125. C: 0.09. D: Bado sijui." Anayechagua B anasoma tarakimu baada ya nukta kama namba nzima, na kwake 125 inaizidi 4. Anayechagua C ameona 9 na kuipuuza sifuri. Ni magonjwa mawili tofauti yenye dawa tofauti: wa kwanza achorewe mstari wa namba uliogawanywa katika sehemu kumi, kisha kila sehemu igawanywe tena mara kumi, wa pili arudishwe kwenye thamani ya nafasi. D ipo ili asiyejua asibahatishe na kukupotosha. Programu za akili unde zinaweza kukupendekezea majibu ya makosa kwa haraka, lakini hakikisha mwenyewe kwamba jibu sahihi ni moja tu, na usiziandikie majina wala alama za wanafunzi.

Kukusanya majibu hakuhitaji kifaa kwa kila mtoto. Kuna programu ya Plickers: kila mwanafunzi ana kadi ya karatasi yenye alama nyeusi ya kipekee na namba yake. Pande nne za alama ni A, B, C na D. Mwanafunzi huigeuza kadi ili jibu lake liwe juu, nawe unapitisha kamera ya simu polepole kutoka upande mmoja wa darasa hadi mwingine. Simu inasoma nani amejibu nini. Herufi ni ndogo pembeni, kwa hiyo jirani haoni kirahisi. Yanayoharibika ni machache na yanajulikana. Vidole vikifunika weusi wa alama, kadi haisomeki. Wafundishe kuishika kwenye kingo. Kadi iliyopigwa plastiki inang'aa na kuificha alama kwenye mwanga wa dirisha, hivyo chapisha kwenye karatasi ya kawaida na uibandike juu ya kadibodi. Kadi iliyojikunja nayo husumbua. Darasa likiwa refu, wape wa nyuma kadi kubwa. Kila mtoto abaki na namba moja muhula mzima, na uchapishe za akiba. Simu ikiwa haina chaji siku hiyo, unapita kati ya madawati ukisoma herufi za kadi zile zile, somo haliahirishwi.

Tumia maswali mawili au matatu ya aina hii mwanzoni mwa kipindi kuhusu mada ya wiki iliyopita, si ya jana tu. Mwaka 2006, wanasaikolojia Roediger na Karpicke waliwalinganisha waliorudia kusoma na waliojaribu kukumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojaribu kukumbuka waliwapita. Ndiyo maana kurudia kusoma humpa mwanafunzi imani isiyodumu.

Kwa sayansi, majaribio ya kwenye skrini (simulesheni) ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ni hazina. Mengi yanapakuliwa kama faili moja inayofunguka ndani ya kivinjari bila intaneti. Ila usiyaendeshe kama filamu. Kwenye lile la saketi, unganisha betri na balbu moja, kisha kabla hujaongeza ya pili kwa mfululizo simamisha mkono na uulize: mwanga utazidi, utapungua, au utabaki vile vile? Waandike daftarini. Ndipo ubofye. Video nayo iende hivyo hivyo: kata kipande cha dakika nne hadi sita, toa swali kabla, simamisha katikati. Video ya dakika 20 iliyochezwa mfululizo ni mapumziko yenye sauti. Na spika ndogo za kompyuta mpakato hazifiki nyuma, kwa hiyo weka spika ya nje au maandishi ya maneno chini ya video.

Mtandao ndipo vipindi vingi hufia. Watoto 30 wakitazama video ya megabiti 1.5 kwa sekunde kila mmoja, wanahitaji megabiti 45 kwa wakati mmoja, na bila kukatika. Faili ya megabaiti 60 ikipakuliwa na kila mmoja ni gigabaiti 1.8, ikipakuliwa mara moja na kuwekwa kwenye seva ya darasa, yaani kompyuta inayohifadhi faili na kuwagawia wengine, ni megabaiti 60 tu. Seva hiyo yaweza kuwa kompyuta kuukuu au Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bei nafuu), pamoja na ruta ya kawaida. Programu ya Kiwix itaweka Wikipedia nzima au sehemu yake humo. Nyingine, Kolibri, itaweka video na mazoezi na kukuonyesha nani amefika wapi. Hakuna anayehitaji intaneti ili kuvitumia.

Mambo matatu huwashangaza wanaoanza. Simu ikijiunga na mtandao usio na intaneti, huona kana kwamba mtandao huo ni mbovu na kurudi kimyakimya kwenye data ya laini. Mwanafunzi anaandika anwani ya seva na haifunguki. Simu ikiuliza, mwambie achague kubaki, au azime data kabisa. Pili, ruta ndogo za mfukoni na simu zinazogawa mtandao mara nyingi hupokea vifaa vinane au kumi tu. Wa kumi na moja hakatazwi kwa ujumbe unaoeleweka, anazungushwa tu. Tatu, ruta mbili za madarasa jirani zikiwa kwenye chaneli moja zinaingiliana. Kwenye mawimbi ya gigahezi 2.4, chaneli zisizogongana ni 1, 6 na 11. Gawia madarasa hizo. Anwani ya seva ibandikwe ukutani kwa herufi kubwa pamoja na msimbo wa QR.

Vishikwambi vikifika, kimoja kwa wanafunzi wawili ni bora kuliko kimoja kwa kila mmoja katika kazi nyingi, kwa sababu wawili hulazimika kusema wanachofikiri. Vipewe namba kwa rangi isiyofutika, na kila jozi ichukue namba ile ile siku zote, ili kilichovunjika kijulikane kilikuwa kwa nani. Nywila ndefu inakula dakika tano za kuingia, yaani sehemu ya nane ya kipindi cha dakika 40. Tumia akaunti zilizofunguliwa tayari au tarakimu chache. Sasisho zizimwe mchana na ziruhusiwe usiku. Kwenye kompyuta ya mwalimu, zima arifa kabla ya kuunganisha projekta, maana ujumbe wa faragha ukitokea ukutani haurudi.

Chaji nayo ina hesabu yake. Vishikwambi 30 vya wati 10 ni wati 300 kwa pamoja. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1200, na haifai kuitumia zaidi ya nusu, basi una wati-saa 600: saa mbili za mzigo huo, au pungufu, kwa kuwa inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa soketi, nayo hula yake. Chaji kwa zamu mbili. Usichomeke ekstensheni ndani ya ekstensheni. Waya wa kwanza hubeba mzigo wote na ndio unaoyeyuka. Kabla ya likizo ndefu, acha betri za vishikwambi zikiwa nusu, uvizime kabisa, uviweke mahali pakavu pasipo joto, na upange mtu wa kuvikagua mwezi ukiisha. Kilichoachwa na asilimia mbili Desemba huenda kisiwake tena Januari.