Kitako cha gorogoro

Leo nimefunga duka mapema, mvua imenyesha hapa Kayole tangu saa kumi na watu wote wameingia nyumba zao, kwa hivyo nimekaa nyuma ya kaunta na daftari na nataka kuandika hii kitu nikiwa bado naiona vizuri.

Mimi nauza nafaka. Mahindi, rosekoko, wairimu, ndengu, kamande, na njahi watu wakiwa na sherehe. Nanunua kwa gunia la kilo 90 kule Nyamakima, kwa wauzaji wa jumla mjini Nairobi, nauza kwa gorogoro. Kama hujaishi mtaa kama wetu, gorogoro ni ule mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili, mafuta yakiisha unakuwa kipimo. Kisheria si kipimo, sheria ya mizani na vipimo Sura ya 513 inataka kilo, lakini mama anayetafuta chakula cha leo haulizi kilo, anauliza gorogoro ni ngapi.

Sasa, kila mtu wa soko anajua gorogoro inaweza kupigwa kitako. Unapeleka kwa fundi wa jua kali, anagonga chini na nyundo, kitako kinaingia ndani, kwa mbele mkebe unabaki venye ulikuwa. Gunia lililokuwa linakupa gorogoro 45 linaanza kukupa 49. Januari hii nilikuwa na karo ya watoto wawili na kodi ya duka imepanda, halafu mwenzangu wa biashara akaniambia, mama, hii laini yote ni wewe tu umebaki na mkebe mzima. Nikapeleka wangu. Fundi alichukua shilingi 50.

Wiki sita nilipimia watu na huo mkebe. Na kitu inaniuma si ati nilikuwa nimeacha kuomba. Kila asubuhi nikifungua nilikuwa naweka mkono kwa kaunta nasema Bwana bariki kazi ya mikono yangu. Alhamisi naenda ushirika wa kusoma Biblia. Fungu la kumi nilitoa, tena nilitoa hata kwa hiyo faida ya gorogoro nne za juu, ukifikiria hiyo vizuri nilikuwa nampelekea Mungu mahindi ya majirani zangu na kumwambia asante. Mtu anaweza kuokoka kabisa na macho yake yabaki palepale. Mimi Biblia nilikuwa naisoma nikitafuta ahadi zangu, mlango gani utafunguka, adui gani ataondolewa, sikuwahi kuisoma kama mtu amesimama upande ule mwingine wa kaunta.

Halafu huko ushirika tukasoma kitabu cha Amosi. Huyu alikuwa mchungaji wa kondoo wa Tekoa na mtunza mikuyu, hata mtoto wa nabii hakuwa, karne ya 8 kabla ya Kristo, wakati wa mfalme Yeroboamu wa pili, Israeli ya kaskazini ikiwa na pesa na ibada zimejaa. Sura ya 8 anasema venye wafanyabiashara wanangoja sabato iishe waende wauze nafaka, waipunguze efa na kuiongeza shekeli. Aliyekuwa anaongoza akatuelezea kwamba shekeli ni uzito wa kupimia fedha, na efa ni kipimo cha nafaka, kama lita 22 hivi. Nikashtuka, kwa sababu hiyo ni debe. Hiyo ni debe letu na kidogo juu. Huyu mzee, zaidi ya miaka 2,700 iliyopita, alikuwa anaongea juu ya kitako cha mkebe wangu, na wale alikuwa anawaambia walikuwa wanashika sabato yao kama mimi ninavyoshika Alhamisi yangu, na mimi hapo nimekaa na kikombe cha chai mkononi.

Sikusema kitu. Nilienda nyumbani sikulala.

Nyuma ya kaunta unaona gunia. Unaona bei ya Nyamakima, pesa ya pikapu, karo, landilodi, na kila uamuzi unaofanya unaonekana wa haki kabisa kwa sababu ni gunia unaangalia. Mbele ya kaunta kuna mtu anaona sufuria. Amosi alisimama na mwenye sufuria, na Mungu wa Amosi anasimama hapo, na mimi nikisema mimi ni wake basi siwezi kuendelea kuangalia gunia peke yake. Hiyo ndiyo kitu ilibadilika kwangu, sikupata amri mpya, si nilijua usiibe tangu Sunday school, ni vile tu nilihamishwa mahali pa kusimama.

Swali gumu lilikuwa kurudisha. Rafiki yangu wa ushirika nilipomwambia alisema dada, damu ya Yesu imelipa, ukianza kurudisha utakuwa unajiokoa kwa matendo. Nampenda sana lakini hapo tumekosana. Zakayo yule mtoza ushuru hakuna mtu alimwambia arudishe, Yesu alikuwa ameshasema leo nitashinda nyumbani mwako, ndipo Zakayo mwenyewe akasimama akasema atarudisha mara nne. Neema ilifika kwanza na ndiyo ikamfungulia mkono. Mara nne mimi singeweza. Nilipiga hesabu, wiki moja magunia mawili ya mahindi na moja la maharagwe, mahindi nikiuza 140 na maharagwe 320, ni 2,400 kwa wiki, mara sita 14,400. Kitabu cha Hesabu sura ya 5 kinasema mtu akikiri anarudisha yote na sehemu ya tano juu yake, hiyo ni 2,880, jumla 17,280. Nikaandika hiyo namba kwa jalada la daftari.

Wa deni ilikuwa rahisi, majina yako kwa daftari, nikawapunguzia, jumla 6,200. Wa M-Pesa nilikaa na simu usiku mbili nikisoma meseji moja moja, nikapata 5,400. Kila mtu nilimwambia kwa nini. Mume wangu alisema unajitangaza mwizi mtaa mzima na watoto wanasoma hapa, na hakuwa anaongea upuzi, kuna mama wa kibanda cha chakula alikuwa anachukua gorogoro kumi kwa wiki ameenda kununua kwingine na amewaambia wengine. Sina neno kwake. Mzee wa duka la shuka hapo kando, ambaye ni Mwislamu na amekuwa jirani mzuri sana kwangu, yeye aliniambia kwao kuna sura nzima ya wanaopunja vipimo, Al-Mutaffifin, ya 83, akanitafsiria mwanzo wake hapo mlangoni. Tulinyamaza wote wawili kidogo.

Lakini shosho wa ploti ya nyuma ndiye amenikalia moyoni. Analea wajukuu wanne, ananunua mahindi na maharagwe kila Jumatatu ya kupika githeri. Nilipomwambia hakukasirika. Aliangalia mkebe, akaniambia, kumbe. Akasema alikuwa anadhani ni yeye amezeeka, mkono wake umeanza kukosea vipimo, kwa sababu githeri ilikuwa inaisha kabla ya mtoto wa mwisho kushiba. Wiki sita alikuwa anajilaumu. Hii sijaiweka kwa hesabu kwa sababu sijui inaandikwa vipi.

Waliolipa keshi mkononi siwajui, na ndio wamebaki. Mkebe wa zamani nimeutoboa nimepanda dania. Mpya nimejifunza kupima kama Luka 6 inavyosema, ujae, ushindiliwe, usukwe-sukwe mpaka umwagike, na mtu wa nafaka akisoma hiyo mistari anajua ni mkono wa nani unaelezewa, maana kuna kumimina polepole mahindi yakae na hewa katikati, na kuna kutingisha mkebe yashuke yote chini. Natingisha, naongeza konzi juu, jioni naandika kiasi gani kimeenda. Leo imebaki 1,940, karibu gorogoro 14 za mahindi. Kesho nikienda Nyamakima kuchukua rosekoko nitapita niulizie bei ya mizani, ile yenye muhuri wa serikali.

Shosho hajakuja Jumatatu hii. Nimemwekea yake kwa mfuko wa khaki, iko hapa chini ya kaunta, mvua ikiisha nitampelekea.