Numu maana yake ni watu

Mwaka wangu wa pili mjini Reno, katika jimbo la Nevada, nilifanya kazi ghalani pamoja na mama mmoja wa makamo ambaye sote tulimjua kuwa ni Mpaiute, mmoja wa wenyeji wa asili wa Marekani. Siku nilipomwuliza kama lugha yao ni ile ile inayosemwa na Wapaiute wa Utah, alinieleza kwa upole kwamba Paiute ni jina la kupewa, na kwamba wao wenyewe hujiita Numu, yaani watu. Nilifurahi mno kusikia hivyo, kwa kuwa mimi ni Mtaita, na kwetu watu tunawaita wandu. Tena ni neno hilo hilo, kwa sura yake ya bantu, ambalo mwanaisimu Wilhelm Bleek alilitumia katika karne ya 19 kuzipa lugha zetu jina. Huku nako wanaisimu wamefanya vivyo hivyo, maana tawi lote la lugha hizi wameliita Kinumiki, nalo limo katika familia ya Yuto-Azteki inayoenea hadi Mexico.

Jina hilo la kupewa limewafunika watu wa aina tatu. Wapo Numu wa kaskazini, walioenea Nevada, Oregon na mashariki mwa California. Wapo wa bonde la Owens, huko California, ambao lugha yao ni jamaa wa karibu wa lugha ya kaskazini. Na wapo Nuwuvi wa kusini, wa Utah, Arizona na kusini mwa Nevada, ambao usemi wao umeshikamana na ule wa jirani zao, Waute. Mtu wa kaskazini na mtu wa kusini hawaelewani, kama vile mtu wa pwani asivyoweza kufuata mazungumzo ya Kitaita ingawa atayatambua maneno mawili matatu.

Kaskazini, kila kundi lilijulikana kwa chakula chake. Wa ziwa la Walker Lake ni Agai Ticutta, yaani walaji wa samaki aitwaye trauti, na wa kwa mwenzangu huyu, ziwa la Pyramid Lake, ni Kooyooe Tukadu, yaani walaji wa kooyooe, samaki ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Alinipeleka huko Jumapili moja. Ni ziwa la buluu katikati ya jangwa, na kando yake lipo jiwe lenye umbo la mwanamke aliyeketi na kikapu chake. Wenyeji husimulia kwamba ni mama aliyelia kwa ajili ya wanawe waliogombana na kutengana, na machozi yake ndiyo yaliyolijaza ziwa.

Mwaka 1905 bwawa la Derby lilikamilika kwenye mto Truckee, ambao ndio unaolilisha ziwa hilo, na maji mengi yakapelekwa mashambani. Ziwa lilishuka zaidi ya mita 20, ziwa jirani la Winnemucca likakauka kabisa, trauti wa asili wakatoweka humo na kooyooe wakakaribia kwisha. Nilisimama pale nikiutazama ule mstari mweupe kwenye miamba, maji yalikofika zamani, na nikaona kwamba kumwondolea mtu samaki anayebeba jina lake ni dhuluma ya namna yake.

Lugha nayo ilibanwa shuleni. Karibu na Carson City ilikuwepo shule ya bweni ya Stewart, iliyofunguliwa mwaka 1890 na kufungwa 1980, ambako watoto walitengwa na wazazi wao na kuadhibiwa kwa kusema lugha zao. Mimi pia nimewahi kuvishwa shingoni kibao cha mbao kwa kosa la kusema Kitaita, kwa hiyo habari hiyo sikuihitaji kufafanuliwa. Hata hivyo, ni kijana aliyetolewa kwao na kupelekwa shule ya namna hiyo huko Carlisle, Pennsylvania, Tony Tillohash, ambaye mwaka 1910 alimfundisha mwanaisimu Edward Sapir lugha ya kusini, na kazi iliyotokana na vikao vyao ingali inasomwa na wanaisimu. Katika lugha hiyo irabu ya mwisho mara nyingi hunong'onwa tu, hata sikio geni likadhani haipo.

Kilichonigusa kuliko vyote ni neno sisi. Kiswahili kinalo moja, bali lugha ya kaskazini hutofautisha: tammi ni sisi pamoja nawe unayesikiliza, na nimmi ni sisi pasipo wewe. Mwenzangu alipokuwa akinisimulia habari za bwawa, alisema kwamba kwa lugha yao angetumia nimmi. Tulipoketi ufukweni kula, akasema sasa ni tammi.

Baadhi ya shule za sekondari za eneo la Reno zimeanza kuifundisha lugha hiyo. Mjukuu wa mwenzangu yumo katika darasa mojawapo, na jioni bibi yake humrudisha kwenye ile irabu ya Numu, isiyo u wala i, mpaka aipate.