Siku moja maishani mwangu: Alhamisi ya kufunga oda

Kazi yangu ni kukusanya oda za wateja mtandaoni kwa niaba ya wakulima na wafugaji. Vifaa vyake ni ukurasa mmoja wa Facebook, kundi moja la wateja na namba moja ya WhatsApp Business. Nyuma yake wapo wazalishaji 9: wa mboga, nyanya, mayai, maziwa na asali. Wateja wanaagiza hadi Alhamisi saa 12 jioni, kuvuna ni Ijumaa, na mzigo unakabidhiwa Jumamosi asubuhi, mahali pamoja, ndani ya dakika 45. Mfumo wenyewe una wenyewe: mkulima wa Ufini, Thomas Snellman, aliuanzisha mwaka 2013 kwa makundi ya Facebook akauita REKO, baada ya kuona vikundi vya Ufaransa vya walaji wanaonunua moja kwa moja kwa mkulima, vinavyoitwa AMAP, vilivyoanza 2001. Siri yake ni kwamba kinachovunwa kimeshauzwa. Basi siku nzima ya Alhamisi ni ya kuhakikisha namba za shambani na namba za simuni zinalingana.

Saa 11:30 alfajiri. Kabla ya posti yoyote, hesabu. Ujumbe kwa kila mzalishaji una maswali matatu tu: una nini, kiasi gani, kitakuwa tayari saa ngapi. Kisha linafuata la nne, ambalo wengi wanalisahau: "Mzee, hizo kilo 40 ni za mtini au zilizochaguliwa?" Mkulima anahesabu anachokiona mtini. Ukitoa zilizopasuka, zilizotobolewa na wadudu na ambazo hazijaiva, zinapungua. Kwenye kilo 40 za nyanya tunatangaza 34, sita zinakaa akiba. Mayai hayahitaji akiba kubwa hivyo, ila siku za joto kali kuku hupunguza kutaga, kwa hiyo trei mbili tatu zinaachwa nje ya tangazo. Asali iko ndooni, haina presha.

Saa 12:30 asubuhi. Picha, jua likiwa bado chini. Mwanga wa ubavuni unaonyesha umbo. Jua la utosini linatia vivuli vyeusi na kufanya mboga zionekane zimenyauka hata kama zimekatwa sasa hivi. Kwanza futa kioo cha kamera. Simu ya mtu anayefanya kazi shambani imeshikwa na vidole vyenye udongo na mafuta, na ukungu ule kwenye picha watu wanaulaumu kuwa ni simu mbovu.

Nyanya zipigwe hivi: moja imekatwa nusu, mbili nzima, na kiganja cha mtu pembeni ili ukubwa uonekane. Kikonyo kibaki. Kikonyo cha kijani kilichosimama kinamwambia mteja kuwa hii imechumwa leo. Kikishajikunja na kuwa kahawia, maneno yako ya "fresh kutoka shambani" hayamdanganyi mtu. Usinyunyizie maji. Picha inapendeza, lakini mteja anakuja akitarajia nyanya zenye umande, na nyanya ikiwekwa kwenye kreti ikiwa imelowa maji inaoza haraka. Kitambaa cheupe chini yake nacho kisitumike, maana kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na bidhaa inatoka nyeusi.

Wazalishaji wakituma picha kwa WhatsApp, zinabanwa na kupoteza ubora. Wakizituma kama faili, ubora unabaki, ila faili hilo linaweza kubeba ndani yake mahali picha ilipopigwa. Ondoa taarifa hizo kabla ya kupakia. Si kila mfugaji anataka wageni waijue njia ya bandani kwake.

Saa 1:30 asubuhi. Posti inapanda. Simu inaficha maandishi marefu, kwa hiyo mstari wa kwanza ubebe bidhaa, kiasi na mwisho wa oda: "Nyanya kilo 34, mayai trei 25, maziwa lita 40. Oda mwisho LEO saa 12 jioni." Salamu na sifa zije chini. Kisha namna ya kuagiza, kwa mfano unaoigika: *Jina – bidhaa – kiasi.* Bila mfano huo utapata "na mimi" hamsini.

Bei iandikwe pale pale. Ile tabia ya "bei njoo inboksi" inafukuza wanunuzi kuliko bei kubwa yenyewe. Mtu anahisi anapimwa mfuko kabla ya kuhudumiwa.

Maneno mawili hayapiti. "Oganiki" haliandikwi kama mzalishaji hana cheti. Andika alichofanya kweli, mfano "imewekwa samadi, haijapigwa dawa tangu ianze kutoa maua". Na asali haitangazwi kuwa inatibu ugonjwa. Kinyume chake, tangazo la asali linabeba onyo: asipewe mtoto aliye chini ya mwaka 1, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vya botulizimu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliviwezi.

Saa 3 hadi saa 5. Maswali. Mengi ni yale yale, na majibu ya haraka ya WhatsApp Business yanatosha. Ila anayelalamika ajibiwe na mtu, kwa jina lake: "Dada, pole. Naomba picha ya trei na mayai yaliyovunjika, tukufidie Jumamosi." Hadharani kwanza, faragha baadaye. Wengine wanasoma kimyakimya kuona utamfanyia nini.

Saa 6 mchana. Video ya sekunde 30, simu ikiwa wima. Adui mkubwa ni upepo. Anayesema aupe upepo mgongo, simu iwe hatua moja kutoka mdomoni. Aanze na kazi yenyewe, mikono ikiwa inakamua au inapanga trei. "Naitwa fulani" ije baadaye. Ruhusa iombwe kabla ya kurekodi, na watoto wasionekane kama mzazi hajakubali waziwazi.

Saa 8 mchana. Mteja anatuma skrinshoti: kuna akaunti yenye picha zetu, jina limeongezwa nukta moja, inaomba malipo kwa namba nyingine. Hii hutokea kila ukurasa ukianza kuaminiwa. Hatua ni tatu, kwa mpangilio huu: posti yenye namba sahihi ya malipo inabandikwa juu ya ukurasa, wateja wanaombwa kuiripoti ile akaunti, halafu tunahakikisha namba yetu ina PIN ya tarakimu 6 ya uthibitisho wa hatua mbili. Ile namba ya uthibitisho inayoingia kwa SMS haisomwi kwa mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni "huduma kwa wateja".

Saa 10 jioni. Kukumbusha. Stetasi inatosha: "Zimebaki kilo 9 za nyanya." Iwe kweli. Orodha ya matangazo ya WhatsApp inabeba watu 256, na inamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Ndiyo maana mteja mpya anaambiwa siku ya kwanza, "Tafadhali save namba hii."

Saa 12 jioni kamili. Maoni yanafungwa. Hapa ndipo wageni wa kazi hii huanza kunakili oda, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. WhatsApp inamruhusu mtu kuhariri ujumbe wake ndani ya dakika 15. Umenakili "mayai trei 2", dakika ya kumi anabadilisha kuwa 5, na Jumamosi anakuonyesha simu yake. Subiri hadi saa 12:15.

Kwenye Facebook, badilisha mpangilio wa maoni kutoka "yanayofaa zaidi" kwenda "maoni yote", la sivyo baadhi hutayaona kabisa. Oda zilizoandikwa kama jibu chini ya maoni ya mtu mwingine pia zifunguliwe moja moja. Mume na mke kuagiza kila mmoja kivyake ni jambo la kila wiki. Jina la ukoo likijirudia, uliza.

Saa 1:30 usiku. Nyanya zimefika kilo 37. Tatu zinatoka kwenye akiba, na hapo pafungwe. Akiba iliyobaki ni ya nyanya zitakazokataliwa wakati wa kuchagua. Kila mteja anapata uthibitisho wenye kiasi chake na muda wa kuchukua. Wa maziwa wanaongezewa mstari: njoo na kibebeo chenye barafu. Maziwa yanatakiwa kukaa chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, na yakikaa nje ya ubaridi yasizidi saa 2.

Saa 3 usiku. Orodha za kuvuna zinatumwa, kila mzalishaji na yake. Tiki mbili za bluu zinaonyesha ameufungua ujumbe, basi. Kwa hiyo unapiga simu, naye anarudisha namba kwa sauti. Wanane wamerudisha sawasawa. Wa tisa anasema, "Maziwa lita 40, nimeelewa." Kwenye orodha yake zimeandikwa 28.