Pazia la Du Bois lilivyonihangaisha Wete

Nilianza na buibui, nikakosea.

Nilikuwa natafsiri sura ya kwanza ya kitabu cha W.E.B. Du Bois, mwandishi mweusi wa Marekani, cha mwaka 1903, kile cha roho za watu weusi, ili tukisome jioni na vijana wanane hapa Wete, Pemba. Kiingereza chao wengi ni cha mtihani tu. Du Bois anasimulia utoto wake skuli, huko Massachusetts: watoto wanapeana kadi, msichana mmoja mgeni akaikataa ya Du Bois kwa jicho tu. Hapo akatambua kwamba yeye na wenzake wametengwa na kitu, na kitu hicho anakiita kwa neno la nguo ya kufunika uso, "veil".

Nikaandika "buibui". Siku ya kusoma, dada mmoja akanisimamisha: "Maalim, buibui mimi nalivaa mwenyewe, kwa stara yangu. Huyu kavikwa na nani?" Sikuwa na jibu. Nikajaribu "shela", wote wakawaza harusi.

Kilichonikwamua ni mlango wa mama. Nimekaa ndani, jirani anapita njiani: mimi namuona mpaka viatu, yeye haoni ila kitambaa. Na Du Bois anasema hasa hivyo, kwamba mweusi wa Marekani kajaaliwa jicho la pili. Ila jicho hilo lina gharama, kwani hata nafsi yake huitazama kwa macho ya walio nje. Pazia, basi. Nikafuta mabuibui yote.

Palipotajwa kuipima roho kwa kipimo cha dunia inayokudharau, sikuhitaji kufafanua kitu. Kijana mmoja akaleta habari za marehemu babu yake. Wakati wa vita vya Hitler, Mwingereza aligawa chakula kwa asili ya mtu: Mwarabu na Mhindi mchele, Mwafrika mahindi. "Na babu alijiandikisha nani?" "Inategemea njaa ya mwaka huo." Tulibishana hadi adhana ya Isha.

Neno "race" lenyewe bado linanishinda. "Rangi" inafaa Marekani, lakini hapa nyumba moja ina rangi zote. "Kabila" nalo lina kazi zake. Nimeliachia nafasi, kwa penseli.

Jumamosi tunaingia sura ya pili, ya watumwa walioachwa huru baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Nimeshaagizwa nije na amri ya Zanzibar ya 1897 ya kufuta utumwa, ile iliyowalipa fidia mabwana.