Unyago wetu na kalenda ya shule

Nafundisha shule ya msingi wilayani Newala, mkoani Mtwara. Ada ya shule ya msingi ilifutwa tangu 2001, kwa hiyo mtu akiniambia watoto wa huku hawasomi kwa umaskini tu, namwambia aje Julai aone madawati. Shule zimeshafunguliwa, wasichana wa darasa la sita na la saba hawapo. Wako ndani, wanachezwa unyago, yaani wanafundwa utu uzima. Wakitoka Agosti, mtihani wa kumaliza la saba ni Septemba.

Vikao vya wazazi havikusaidia. Mtendaji alitishia faini, watu wakaitikia ndiyo, ngoma zikaendelea kulia. Mimi nimezaliwa huku na nimechezwa. Nilijua tunabishana na watu wasio na kauli. Mwenye kauli ni nyakanga, bibi anayeongoza unyago na kuwafunda wasichana. Nikabeba doti ya khanga na kilo ya sukari, nikaenda kwake jioni.

Sikumwambia aache. Nilimuuliza tu kwa nini wali, yaani wasichana wanaochezwa, wasiingie ndani shule zikifungwa Juni. Alikuwa anapepeta mtama, hata macho hakuinua.

"Mjukuu wangu, nyie mnahesabu siku, sisi tunahesabu chakula. Mwezi wa sita mtama bado uko shambani. Wageni nitawalisha nini?"

Miaka yote ya vikao, hakuna aliyewahi kulisema hilo.

Basi tukapanga upya. Wazazi wenye wali wakaanza kuweka akiba pesa ya korosho inapoingia, kila mtu kwa uwezo wake, ili mchele ununuliwe dukani bila kungoja mavuno. Nyakanga akakubali kupunguza siku za ndani, na akaongeza jambo ambalo sikumwomba: katika mafundisho yake, mwali akitoka anarudi darasani, asiyerudi kamwaibisha yeye aliyemfunda. Mwalimu ukaripie mpaka sauti ikauke, hulifikii neno hilo.

Mwaka uliofuata wengi walirudi shule zilipofunguliwa. Wachache walichelewa, na mmoja aliozeshwa kabla hatujapata habari. Huyo bado ananiuma.

Wavulana ni kesi nyingine. Korosho zikianza kudondoka wanahamia shambani na wazazi wao kuokota, na huko hakuna nyakanga wa kumpelekea sukari. Kinachosikilizwa ni bei ya mnada. Siku hizi namfuatilia mwenyekiti wa chama cha msingi cha ushirika, kinachouza korosho zao, maana habari za malipo ya korosho ndizo pekee zinazowakusanya wazazi wote bila kuitwa.