Samaki Wangu Waitwao Nyoka

Saa kumi na nusu alfajiri, adhana bado. Nimepiga magoti mbele ya tangi la tatu, tochi nimeifunga kitambaa chekundu. Lochi kuli ni samaki wa mapambo, tena wa usiku. Ukiwamulika kwa pupa hujichimbia mchangani. Hawazidi sana sentimita 10, wembamba, wana pete za njano na kahawia mwili mzima. Hapa mtaani Maweni wanaitwa nyoka. Bibi yangu ana jina lake: mikunga isiyoliwa.

Wiki mbili hizi majike wawili walikuwa wamefura, mayai ya kijani yakionekana kupitia ngozi ya tumbo. Na leo yapo! Vitone vya rangi ya pojo kwenye mizizi ya majani yanayoelea. Miezi saba nimevingoja. Lochi wengi wanaouzwa huvuliwa mitoni kule Kusini-Mashariki mwa Asia, wa kuzaliwa tangini ni wachache mno.

Watu hudhani kazi yangu ni kukaa kutazama samaki. Kazi yangu ni maji. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yake ni magumu na yana chumvichumvi, lochi hawatagi humo. Natumia maji ya mvua niliyokinga masika, nikaloweka majani makavu ya mkungu mpaka yakafanana na chai ya mkandaa. Mgongo wangu unayajua madumu yote kwa uzito.

Nusu ya mizizi niliihamishia kwenye ndoo ya aiskrimu. Nusu nyingine niliiacha, niwatoe wazazi badala yake, kwa sababu lochi hula mayai yao wenyewe. Kwanza madumu, vyujio, kulisha, kufagia. Saa tatu ikagonga.

"Hodi!"

Bwana wa makamo, ana nyumba ya kupangisha wageni upande wa Casuarina.

"Nataka samaki mmoja wa kula ule ukijani kwenye kioo."

"Hawa hawali ukijani, ami. Huokota mabaki ya chakula chini."

"Basi nipe mmoja aokote."

Nikamweleza kwamba hukaa kikundi, siuzi chini ya sita. "Kwani ni ndugu?" Shilingi 350 kila mmoja. Akapiga hesabu kwa sauti, akaniambia kwa pesa hizo ananunua changu wa kulisha nyumba nzima. Kisha akataka awaone. Mchana wamejificha chini ya vifuu, wataonekana vipi? Akagonga kioo kwa ufunguo wa gari. Taratibu, ami. Akagonga tena. Akaketi, akaomba maji ya kunywa, simu ikalia, akaongea mambo ya bati na misumari, akarudi kunisimulia njiwa wa kakake. Mimi jicho liko tangi la tatu, adabu imenifunga miguu.

Umeme ukakatika katikati ya njiwa. Pampu za hewa zikanyamaza zote. Nikakimbilia ile pampu moja ya betri, nikaitia kwenye ndoo ya aiskrimu, naye nyuma yangu: "Watatu kwa mia tano?"

Alipoondoka ("nitapita kesho, inshallah") adhuhuri ilikuwa imeshaadhiniwa. Mizizi ya tangi la tatu ilikuwa myeupe, safi kama iliyooshwa. Jike mmoja alikuwa bado anainusanusa kwa sharubu zake.

Sikula. Mchana wote nilikoroga matangi mengine kwa kikombe, nachota na kumwaga ili hewa iingie, mkono huu, kisha ule. Sijui umeme ulirudi saa ngapi, kulikuwa na giza. Nikatayarisha chupa ya artemia, vijiduvi vya maji ya chumvi vya kulisha watoto wa samaki, kwa chumvi ya Gongoni. Huchukua kama siku nzima kuanguliwa, na watoto wa lochi wakitoka watataka chakula cha chembe ndogo mno.

"Nyoka wamezaa?" bibi akauliza kutoka kitandani.

"Wamezaa."

"Wengi?"

Nilihesabu 41. Sasa usiku wa manane nimehesabu tena: 38. Matatu yamegeuka meupe, nimeyatoa kwa ncha ya unyoya wa kuku.