Soma namba ya kosa kabla hujagusa ruhusa

Kazi ikigoma kwenye Google Cloud, yaani kompyuta za Google zinazokodishwa mtandaoni, mafundi wengi hapa Nairobi hukimbilia kuipa akaunti ya huduma (akaunti inayotumiwa na programu, si mtu) jukumu la roles/owner, yaani umiliki wenye karibu ruhusa zote. Acha hilo. Namba ya kosa 429 maana yake kikomo cha matumizi (quota) kimejaa, na hapo hata ruhusa zote duniani hazisaidii. 403 mara nyingi ni ruhusa, ingawa huduma ambayo haijawashwa kwenye mradi nayo hutoa 403 ileile.

Ujumbe wa kosa kwa kawaida hutaja ruhusa inayokosekana. Ukiona iam.serviceAccounts.actAs, yaani ruhusa ya kuitumia akaunti ya huduma, shida si akaunti ya huduma, ni wewe unayeirusha programu: omba jukumu la roles/iam.serviceAccountUser juu ya akaunti hiyo tu, si mradi mzima. Kisha tulia. Mabadiliko ya ruhusa huchukua kama dakika 2 kuenea, mara nyingine 7 au zaidi. Ni katika dakika hizo watu huongeza majukumu mengine matatu bure.

Vikomo navyo vina mipaka yake: vya CPU (vichakato vya kompyuta) huhesabiwa kwa kila eneo la Google Cloud. CPU zikiisha africa-south1, kule Johannesburg, europe-west1, kule Ulaya, huenda bado ina nafasi. Na ukitengeneza ufunguo wa 11 wa akaunti ya huduma (faili ambayo programu hutumia kuingia) ukakataliwa, usishangae: akaunti moja hubeba 10 tu.